Huingia Kinywani, si Chakula

Baiskeli ya Ami ilikuwa na seruji. Baiskeli Tanga ni nyingi kuliko minazi, na za watu wengine wote wa Ngamiani zilikuwa na siti. Ya Ami ilikuwa na seruji, na breki zake aliziita lijamu. Akifika nyumbani hakusema anaiegesha, alisema anaifunga. Sisi watoto tulidhani ni mzaha wake tu, kama ule wa kumwita paka wetu Bwana Shauri. Ilinichukua hadi mwaka 1984, mwaka aliofariki Waziri Mkuu Sokoine, nikiwa darasa la sita, kugundua kwamba Ami alikuwa akitutegea kitendawili miaka yote ile na hakuna aliyewahi kumwambia "tega".

Gazeti la Jumapili lilitufikia Jumatatu, na masika barabara ikiharibika lilitufikia Jumatano. Halikuwa la mtu mmoja. Lilisomwa kwanza na aliyelinunua, kisha likashuka barazani kwetu baada ya Magharibi, dele la kahawa likiwa juu ya makaa na kashata kwenye sinia. Habari za mbele zilikuwa zimeshasikika redioni, kwa hiyo zilipitiwa upesi. Watu walikuwa wakingojea ukurasa wa ndani, ule wenye chemsha bongo.

Penseli ilikuwa moja na mshikaji alikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mdogo na sikuwa na haki ya kusema. Waliosema walikuwa fundi cherehani, mwalimu wa madrasa, mzee mmoja aliyestaafu bandarini, na Ami, ambaye alisema kidogo kuliko wote. Kanuni ya baraza aliiweka yeye: asiyejua haombi jibu, huomba herufi. Gazeti lenyewe lilitoa majibu wiki iliyofuata, na Ami aliyadharau. Katika vitendawili ukishindwa unampa mtegaji mji, anaukataa wa kwanza, anaukubali wa pili, anakaa humo na kutamba, ndipo anategua. "Hawa wa gazeti," alisema, "wanategua hata mji hawajaomba. Ni ukosefu wa adabu."

Watu wa lugha nyingine wana fumbo lao la miraba tangu tarehe 21 Desemba 1913, siku Arthur Wynne alipolichapisha katika gazeti la New York World, likiwa na umbo la almasi. Lilipoingia katika Kiswahili lilikutana na tabia zetu. Maneno yetu karibu yote huishia irabu, kwa hiyo ukiitazama miraba ya mwisho upande wa kulia, na ile ya chini kabisa, unajua tayari kwamba ni A, E, I, O au U. Nusu ya kazi umeshafanyiwa. Balaa ya pili ni ngeli. Mtungaji akiandika "Kinavaliwa kichwani" keshajianika: ni ki-, na kofia haiwezi kuwamo. Ndiyo maana watungaji hodari walikimbilia "hu-". Hupikwa, huvaliwa, huruka: "hu-" haina ngeli, haimtaji mtu wala kitu, ni pazia. Na kuhusu NG'OMBE, kama ile alama ya juu inastahili mraba wake au haistahili, niliwahi kuona watu wazima wawili wakiachana bila kuagana.

Fumbo la wiki ile lilianza vizuri. "Chama hushika." Mtoto yeyote wa shule alilijua: redio, mabango na nyimbo za mchakamchaka vilitukumbusha kila siku Chama kushika hatamu. Nikaandika HATAMU bila kungoja ruhusa. "Baharini huelea, mezani huwekwa." Mzee wa bandarini akasema dau, miraba mitatu, ikaingia sawasawa. Sehemu ya mezani hatukuihoji. Baraza likishapata herufi halichimbi zaidi. "Kiatu kisichovuliwa": nilimtazama mbuzi wa jirani akipita, nikanong'ona UKWATO, nikaruhusiwa.

"Mwanamke huvaa, mwanamume hukanyaga." Hapo mwalimu wa madrasa alikunja uso, akasema gazeti limekosa heshima. Fundi akajaribu majina ya nguo zote anazozijua. Ami akasema, polepole, akiangalia kikombe chake: "Kikuku." Miraba sita, ikakaa. Kikuku cha mwanamke tulikuwa tukikiona kila siku mkononi. Namna mwanamume anavyokikanyaga hakuna aliyeuliza.

Ndipo tukakwama. Mstari wa kulala, miraba sita, mraba wa nne una A ya DAU, wa sita una U ya UKWATO. Swali: "Huingia kinywani, si chakula."

Mimi nilitaka KALAMU, kwa kuwa mwalimu wetu wa hesabu alituchapa kwa kuzitafuna. Fundi akasema SALAMU. Akajibiwa kwamba salamu hutoka kinywani, haiingii. Akatetea kwamba ya kuitikiwa huingia. Akaambiwa hiyo huingia sikioni. Mzee wa bandarini akatoa KARAMU, baraza zima likacheka, maana kama karamu si chakula basi tulikuwa tukienda kufuata nini kwenye harusi za watu? Mwisho mwalimu wa madrasa akakohoa na kusema HARAMU. Pombe huingia kinywani na si chakula. Riba huingia kinywani na si chakula. Alilisema kwa uzito hata ikawa aibu kubisha, nikaiandika kwa penseli nyepesi, nusu nikiiamini.

Mpaka leo nalipenda swali lile. Miraba sita iliyoweza kupokea shule, adabu, harusi na dini, kila mtu akileta lake kutoka nyumbani kwake.

Ami akaniomba penseli. Hakuwahi kuiomba hata siku moja. Mraba wa kwanza wa neno lile ulikatwa na neno la kushuka, miraba mitano, ambalo tulikuwa tumeliruka: "Mwendo wa mwenye haraka asiyetaka kuanguka." Ami akaandika T, E, akafuta H ya mwalimu kwa kidole alicholowesha mate, akaandika L, kisha K na I.

"Telki ndiyo nini?" fundi akauliza.

"Mwendo wa punda," Ami akasema. "Na wa farasi."

Kisha, bila kulisoma swali tena, akajaza mstari wetu: LIJAMU. Nikageuka kuitazama baiskeli iliyoegemea ukuta. Akashuka chini zaidi, pale paliposema "Hukaliwa, haina miguu," akaandika SERUJI. Akafika kwenye mstari wa mwisho kabisa uliobaki wazi, "Hulala karibu na bwana asiyesema," herufi tano. Hapo penseli ilisimama. Nakumbuka mwalimu wa madrasa akimkazia macho. Ami akaandika SAISI, akanirudishia penseli na kuchukua kikombe chake.

"Saisi ni mtunza farasi," akasema. "Mimi nilikuwa saisi miaka sita. Nairobi."

Kwetu ilijulikana kwamba Ami alifanya kazi relini. Alirudi kutoka Kenya kabla sijazaliwa, na kila aliyeuliza aliambiwa reli. Kwa mtu wa Tanga jibu hilo halina swali la pili, maana reli yetu ilianza kujengwa hapa hapa mwaka 1893, na kila ukoo una mtu wake wa reli. Kumbe alikuwa katika mabanda ya farasi kwenye uwanja wa mashindano wa Ngong Road, ule uliofunguliwa mwaka 1954. Aliamka kabla ya alfajiri kuwatembeza katika baridi, akawasugua, akawafunga miguu vitambaa, na Jumapili akamwongoza mmoja mbele ya watu waliovaa kofia, akamkabidhi kwa mpanda farasi mwepesi kama mtoto. Akabaki kwenye uzio ameshika kamba isiyo na farasi.

"Ulicheza?" mwalimu wa madrasa akauliza. Lilikuwa ndilo swali.

"Saisi anajua farasi gani anaumwa mguu kabla ya mwenye dau kujua," Ami akasema. "Anayejua hivyo hana haja ya kucheza." Sikuelewa kama hilo lilikuwa ndiyo au hapana, na sidhani kama mwalimu alielewa. Ila dau lililowekwa mezani lilikuwa limetegulika.

Usiku ule nilibaki na gazeti na taa ya chemni. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari. Hatamu, lijamu, seruji, kikuku, ukwato, telki, dau, saisi, tuzo, mbio. FARASI mwenyewe hakuwamo. Mtungaji alikuwa amemvisha, amemtandika, amemtafutia wa kumtunza na wa kumwekea fedha, kisha akamwondoa, na asingekuwapo Ami tungejaza miraba tuliyoiweza bila kumwona.

Pwani yetu ina kisa hicho hicho. Farasi hakutulia Tanga. Nyika za nyuma yetu zina mbung'o, na pwani yenyewe ina visubi, wadogo kuliko mbu, wanaoeneza usiku maradhi yanayomuua farasi huku punda na pundamilia wakivumilia. Nairobi iko juu, ina baridi, ndiyo maana Wazungu wa huko waliweza kuwa na mashindano yao. Huku kwetu mashamba ya mkonge, ambao nao Mjerumani Hindorf aliuleta mwaka ule ule wa reli, 1893, yalisafirisha majani kwa vibehewa vya reli ndogo. Lakini maneno hayaogopi visubi. Farasi, hatamu, lijamu, seruji, saisi, yote ni Kiarabu, yalishuka na majahazi, na yalipokosa mnyama wa kumkalia yakatafuta kazi nyingine. Hatamu ikapata kazi nzuri kabisa, katika Chama. Seruji ikaishia kwenye baiskeli ya mzee mmoja wa Ngamiani.

Baada ya siku ile Ami hakubadilika ila kwa kitu kimoja: alianza kutunga. Alichora miraba nyuma ya karatasi za ankara, akaileta barazani, na mafumbo yake yalikuwa magumu kuliko ya gazeti kwa sababu alituficha jambo moja kubwa ndani ya mengine. Kulikuwa na la soko la samaki. Kulikuwa na la Coastal Union, mwaka 1988 walipotwaa ubingwa, ambalo halikuwa na jina la mchezaji hata mmoja. La farasi hakurudia.

Mambo hayakuisha ghafla. Fundi alihamia Dar es Salaam kwa mwanawe. Televisheni ilipofika mtaani, baraza likageuza viti kuelekea dirishani kwa jirani, na mtu hawezi kutazama mpira na kufikiri neno la herufi sita kwa wakati mmoja. Magazeti yakawa mengi, kila mmoja akanunua lake, akajaza miraba yake kwa kalamu ya wino. Huo ndio mwisho ninaoukumbuka: wino. Mtu anayejaza kwa wino hangojei mwingine aseme HARAMU. Ami alifariki mwaka 2003, na baiskeli ilikwenda kwa binamu yangu aliyeibadilisha siti.

Mwaka jana nilimfuata mpwa wangu kwenye duka la kubeti. Mama yake alitaka nimseme kuhusu mikeka yake ya mpira, nami nilikuwa nimeandaa maneno. Nikamkuta anatazama skrini ambayo farasi walikuwa wakikimbia: farasi wa kompyuta, wenye namba, mbio mpya kila baada ya dakika chache, usiku na mchana. Ndani ya Tanga. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

"Yule wa nne," nikamwambia, "anakwenda telki au matiti?"

"Mjomba, hao si farasi. Ni programu."

"Na saisi wao nani?"

Alinitazama kama tulivyokuwa tukimtazama Ami akifunga baiskeli. Maneno niliyoandaa nikayasahau. Nilichofanya badala yake ni kurudi nyumbani na kuchora miraba, nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Siku hizi natuma moja kila Ijumaa. Nilijua wataliingiza swali kwenye simu na simu itawajibu, na kweli wengine hufanya hivyo, jibu linarudi ndani ya dakika moja, likiwa tupu, bila ugomvi. Lakini la kwanza nililotuma lilikuwa lile lile alilolitegua Ami, nililolihifadhi kichwani, na sikuweka herufi yoyote ndani.

Binamu yangu wa Muscat alijibu LIJAMU kabla sijamaliza chai. Kwao Oman farasi wapo, mbio zipo, na kwa Kiarabu chake neno ni hilo hilo. Hakuelewa ugumu ulikuwa wapi.

Mpwa wangu aliandika saa tano usiku: MSWAKI.

Nikahesabu. M, S, W, A, K, I. Sita. Huingia kinywani, si chakula. Hata A imekaa palepale, mraba wa nne. Miaka arobaini na hakuna aliyeliwaza, si fundi, si mwalimu, si mimi. Kilichomponza ni mraba wa mwisho. Nikamwandikia kwamba amekosea, ila amekaribia kuliko mwalimu wangu mmoja wa zamani, na kwamba kama ameshindwa anipe mji nimtegulie.

"Mji sitoi, Mjomba," akajibu. "Nipe herufi."