Kapu la Mama na Meza ya Dukani

Zamani mtu akienda mjini kununua vitu alijua kwamba duka ni duka na hoteli ni hoteli. Alinunua kwanza, akafunga mzigo wake, kisha akatafuta mahali pa kula. Siku hizi mambo hayo mawili yamewekwa chini ya paa moja. Katika maduka makubwa ya miji yetu mtu hupita penye sabuni na vyombo, akapita penye nguo na magodoro, na mara hujikuta mbele ya meza zilizopangwa, na harufu ya kuku wa kukaanga inamwita. Nairobi waliijua desturi hii zamani, tangu majumba ya maduka kama Sarit Centre lililofunguliwa mwaka 1983. Dar es Salaam ilipata Mlimani City mwaka 2006. Hatusemi kwamba ni desturi mbaya. Lakini siku moja meza ya namna hiyo ilitupa somo ambalo hatukulipata darasani, na twapenda kuwasimulia, ijapokuwa kulisimulia ni kujifedhehesha.

Sisi ni wenyeji wa Daa, katika Wilaya ya Karatu, nchi ya baridi na udongo mwekundu. Wilayani mwetu hulimwa mahindi, maharage, ngano na kahawa. Barabara kubwa iendayo Ngorongoro hupita Karatu mjini, na kila siku twawaona watalii wakipita garini kwenda kuwatazama wanyama. Ama sisi, tukitaka kitu kisichopatikana Karatu, hupanda basi la alfajiri, tukateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, tukapita Makuyuni, tukaingia Arusha jua limekwisha panda. Huko Arusha ndiko kazi ilikotupeleka tulipokuwa vijana, tukapata meza ya ofisini, shati jeupe, na kiburi kidogo.

Mwaka mmoja mtoto wa dada yetu alichaguliwa kuingia shule ya sekondari ya bweni. Ilikuwa furaha kubwa nyumbani. Mama akauza maharage aliyoyaweka kwa kazi hiyo, akafunga fedha katika pindo la kanga, akaja Arusha na mjukuu wake ili tununue godoro, ndoo, blanketi na sanduku la bati. Mkononi alichukua kapu. Hatukuuliza mna nini ndani yake.

Yako maduka mengi ya bei nafuu sokoni, na huko ndiko ilikotupasa kuwapeleka. Lakini tulitaka Mama aone kwamba mwanawe amekuwa mtu wa mjini. Tukawapeleka katika duka moja kubwa, ambalo jina lake hatulitaji kwa kuwa kosa halikuwa la duka. Mama alistaajabu kuona taa zinawaka mchana. Alilibonyeza godoro kwa kiganja, akauliza bei, akanyamaza. Tulinunua baadhi ya vitu, hata wakati wa Adhuhuri ukakaribia na njaa ikatushika. Tukasema kwa sauti kubwa kidogo, “Twendeni tukale, hoteli imo humu humu.”

Tuliketi. Kijana wa kuhudumia akaja, akamwamkia Mama kwa adabu, “Shikamoo, bibi,” naye akaitikia, “Marahaba, mwanangu.” Kisha Mama akamwuliza, “Kuku huyu kachinjwa na nani?” Kijana akajibu kwamba hajui, ila atakwenda kuuliza jikoni. Watu wa meza ya pili wakageuka kututazama. Swali lile ni swali ambalo kila Mwislamu anayo haki kuliuliza, na kijana hakuchukizwa nalo hata kidogo. Lakini sisi masikio yalitupata moto.

Mama akatazama karatasi ya bei. Hakujua kusoma maneno mengi, lakini hesabu aliijua vizuri. Akasema taratibu, “Sahani tatu ni debe zima la maharage.” Hapo akaliinua kapu lake, akaliweka mezani, akafungua kitambaa. Mlikuwa na chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, na kuku wa nyumbani aliyechinjwa na kupikwa usiku ule kwa ajili ya safari yetu. Alikuwa ametupikia sisi. Tulikuwa hatujala chakula cha mkono wake tangu Idi.

Kijana akarudi, akainama, akasema, “Samahani sana, bibi. Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi humu.” Tangazo la amri hiyo lilikuwa ukutani. Mwenye nyumba ana haki ya kuweka sharti katika nyumba yake, na kijana alitimiza wajibu wake. Jambo la aibu ni lile tulilolisema sisi. Tulimwambia, tukicheka, “Msamehe. Ni mama wa shamba huyu, hajui mambo ya mjini.” Hatukusema “mama yetu”. Tulisema “mama wa shamba”, kana kwamba tumekutana naye njiani.

Mama alisikia. Alikifunga kitambaa chake polepole, akasema, “Kuleni, wanangu. Mimi sina njaa.” Mtoto wa dada yetu akakataa kula, akaegemea bega la bibi yake. Basi tulikula peke yetu, mbele ya macho manne, na hatukuiona ladha yake. Baadaye, kituo cha basi, Mama aliketi juu ya lile sanduku la bati, akafungua kapu, akamwita mpagazi aliyetuchukulia godoro, akampa paja la kuku. Sisi alitupa la pili. Hakusema neno. Lau angetugombeza tungepata nafuu.

Baada ya siku zile tulitaka kujua desturi hii ya kula dukani ilianzia wapi, nasi tukasoma habari zilizotushangaza. Yasimuliwa kwamba katika mji wa Chicago, huko Marekani, katika duka kubwa la Marshall Field, alikuwako muuza kofia aliyeitwa Bibi Hering. Wakati ule haikuwa rahisi kwa mwanamke mwenye heshima kuingia hoteli bila mwanamume. Kwa hiyo wanawake wakishikwa na njaa waliacha kununua wakarudi nyumbani. Siku moja Bibi Hering aliwaona wateja wake wana njaa, akawapa chakula alichokuja nacho kutoka nyumbani kwake: kuku aliyeokwa ndani ya unga. Mwaka 1890 duka lile likafungua chumba cha kulia chenye meza 15, na chakula cha Bibi Hering kikapata sifa. Harry Selfridge, aliyefanya kazi katika duka hilo, alikwenda London akafungua duka lake mwenyewe mwaka 1909, nalo pia likawa na mahali pa kula. Wenye maduka walikwisha fahamu kwamba mtu aliyeshiba hakimbilii nyumbani, na asiyekimbilia nyumbani hununua zaidi.

Tafakarini jambo hili. Desturi hii yasemekana ilianza kwa kuku wa nyumbani, aliyechukuliwa na mwanamke, akagawiwa mwenye njaa. Ndilo jambo lile lile alilolifanya Mama! Nasi tulimwonea haya kwa sababu yake.

Tukasoma na habari ya pili, yenye uchungu zaidi. Tarehe 1 Februari 1960, katika mji wa Greensboro, Marekani, vijana 4 weusi, wanafunzi wa chuo, waliingia duka la Woolworth. Walinunua vitu vidogo, na fedha yao ikapokewa. Kisha wakaketi katika meza ya chakula ya duka hilo hilo, wakaomba kahawa, wakanyimwa. Mteja mweusi alikaribishwa kununua dawa ya meno, ila kuketi na kula hakuruhusiwa. Wale vijana hawakupiga mtu wala hawakutukana, waliketi tu. Kesho yake wakarudi pamoja na wengine, na jambo hilo likaenea miji mingi. Tarehe 25 Julai mwaka ule ule meza ile ilifunguliwa kwa watu wote, na weusi wa kwanza kuhudumiwa walikuwa wafanyakazi wa duka lenyewe, ambao kila siku waliwapikia wengine chakula wasichoweza kukila katika meza ile. Mmoja wa vijana wale wanne, Ezell Blair, alisilimu baadaye, na tangu mwaka 1968 ajulikana kwa jina la Jibreel Khazan.

Hata huku kwetu, wakati wa ukoloni, zilikuwako hoteli ambazo Mwafrika aliziingia kwa mlango wa jikoni tu. Wazee wetu walilia juu ya ubaguzi ule, na haki ilikuwa yao. Lakini sisi, tuliozaliwa baada ya mlango kufunguliwa, tulimbagua nani? Tulimbagua mama aliyetuzaa, kwa kanga yake na kapu lake. Hakuna sheria iliyotulazimisha. Tuliiweka meza ile sisi wenyewe, ndani ya moyo.

Idi iliyofuata tulikwenda Daa kuomba radhi. Tulimkuta Mama anapepeta maharage uani. Tulipokwisha sema maneno yetu yote, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Hayo nimekwisha kuwasamehe tangu kituo cha basi. Lakini yule kijana aliyekuwa akituhudumia, yeye hula wapi?” Hatukuwa na jibu. Tuliporudi Arusha tulikwenda tukamwuliza. Akacheka, akasema kwamba yeye na wenziwe hula nyuma ya duka, juu ya makreti, chakula walichokuja nacho kutoka makwao.

Ndugu zetu vijana, hatuwakatazi kuingia mahali hapo. Mkiwa na fedha ya halali, nanyi mmejua mlacho ni halali, kuleni kwa jina la Mwenyezi Mungu, wala msifanye israfu. Ulizeni bei kabla ya kuketi, na ulizeni nyama imechinjwa na nani bila kuona haya. Sharti la mwenye nyumba lishikeni. Lakini mkienda na wazazi wenu, wapelekeni mahali watakapoketi kwa heshima; na mtu akiwauliza, “Huyu ni nani?” semeni kwa sauti ile ile mnayoagizia chakula, “Huyu ni mama yetu.”

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatunza wazazi wetu wakingali hai, na atusamehe tuliyowakosea kwa kujua na kwa kutojua. Amin.