Petroli ya Chupa

Binamu yangu wa Mabanga anataka ng'ombe wa shangazi auzwe. Si karo, si matanga. Anatafuta malipo ya kwanza ya pikipiki ya stima. Shangazi amekataa kusema lolote mpaka mimi niseme langu, eti kwa sababu nakaa Nairobi na hizo pikipiki nazipanda kila siku.

Kweli nazipanda. Hazina kelele, hazikuachi ukinuka moshi, na wanaoziendesha huniambia pesa iliyokuwa ikiishia kwa tanki sasa inabaki mfukoni. Betri ikichoka, jamaa anaingia kituoni, anatoa hiyo, anaweka iliyojaa, anaenda. Na usiniambie moshi umehamishwa tu kutoka barabarani hadi kwa jenereta. Stima ya Kenya nyingi inatoka kwa mvuke wa Olkaria, kwa mabwawa na kwa upepo wa Turkana.

Septemba 2023 ndiyo ilimtia binamu hili wazo. Mwezi huo Rais Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme kule Mombasa, akaendesha kagari kadogo ka umeme kwenda kwa mkutano wa tabianchi pale KICC, na kabla mwezi haujaisha petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita. Binamu bado alikuwa analipia pikipiki yake ya petroli, kila siku, mvua au jua.

Lakini Mabanga si Nairobi. Kwetu petroli haiko kwa kituo cha mafuta peke yake. Iko kwa kibanda, kando ya nyanya na sabuni, ndani ya chupa ya soda. Ukiishiwa saa tano usiku na nyuma umebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, unagonga mlango wa mtu. Ataamka akinung'unika, atakuuzia. Ni ghali, na saa zingine imechanganywa na mafuta ya taa, lakini ipo. Betri nazo, kwa mipango mingi, si zako. Unanunua pikipiki, betri inabaki ya kampuni. Kituo kikifungwa umebaki na chuma. Ziko zinazochajiwa nyumbani kwa soketi, sawa, ila transfoma ya kijiji ikiharibika unaweza kulala giza wiki nzima.

Na hii hadithi ya kuacha petroli huku kwetu ni nzee. Kuka, babu yetu, alikuwa mkulima wa miwa ya Nzoia, kiwanda kilichoanza kusaga 1978. Miaka ya 80 kiwanda cha Muhoroni kilitengeneza pombe kutoka kwa molasi, ikachanganywa na petroli, sehemu 1 kwa 10, na magari ya Nairobi yakainywa. Brazil walikuwa wameanza mpango wao 1975, na leo huko kuna magari mengi yanayotembea kwa pombe ya miwa tupu. Wetu ulikufa 1993. Molasi ikabaki ya ng'ombe na ya chang'aa.

Hata bodaboda ilianza bila petroli. Ilikuwa baiskeli pale mpakani Busia, kiti cha sponji nyuma, na kilima kikizidi abiria anashuka. Pikipiki zilijaa baada ya serikali kuziondolea VAT mwaka 2008, na kwa sababu fundi yeyote chini ya mwembe anaweza kuifungua injini na kuirudisha. Hiyo ya fundi watu huisahau. Pikipiki ya stima ikizima Mabanga, nani ataifungua?

Nikamwambia shangazi ng'ombe asiuzwe bado, tungoje kwanza kituo cha betri kifike karibu. Binamu akachukua simu.

"Bro, wewe unangoja kituo. Wenye kituo nao wananiambia wanangoja pikipiki ziwe nyingi."

Sikuwa na jibu. Jumamosi wameenda Bungoma mjini watu sita wa steji moja, kuuliza kama wakinunua pamoja watawekewa kabati la betri hapo Mabanga, na kama mmoja wao anaweza kufunzwa ufundi. Shangazi amewapa nauli. Bado sijapigiwa.