Nafuu ya Kununua

Nilikosea, na siwezi kusema nilikosea kwa kutojua. Daktari alinieleza la kufanya, nikaitikia, kisha nikarudi nyumbani nikafanya langu. Niliacha dawa inayozuia ugonjwa wangu, nikang'ang'ania ile inayotuliza maumivu upesi. Leo vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vimepinda, na havitanyooka tena.

Nina baridi yabisi ile inayotokana na kinga ya mwili. Hailetwi na kulala sakafuni wala kufulia maji baridi, ingawa karibu kila aliyeniona aliniambia hivyo. Kinga inayopaswa kupambana na vijidudu huugeukia mwili wenyewe, ikashambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huvimba, na usipotulizwa hula gegedu na mfupa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 waliishi na ugonjwa huu, na takriban asilimia 70 yao walikuwa wanawake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila asubuhi vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimekakamaa kwa zaidi ya saa nzima. Kufunga vifungo vya blauzi kulinishinda, na chaki iliniponyoka. Nyumbani sikuweza kusonga ugali, kukamua nguo wala kukuna nazi. Ikifika saa sita mchana viungo vimelegea, na walioniona nikitembea vizuri walijiuliza nalalamikia nini.

Hospitalini nilipewa methotrekseti, ya kumeza mara moja tu kwa wiki, pamoja na vidonge vya foliki asidi vya kupunguza madhara yake. Nilipewa pia prednisoloni kidogo, kwa muda mfupi. Daktari alinifafanulia kwamba methotrekseti huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake, na prednisoloni ni ya kunivusha tu mpaka hapo.

Prednisoloni ilinipa nafuu ndani ya siku chache. Methotrekseti ilinitia kichefuchefu, na faida yake sikuiona. Nikahukumu kwa nilichokihisi: hii ndiyo dawa, ile inanitesa bure. Muda wa prednisoloni ulipokwisha nilikwenda duka la dawa la mtaani nikanunua nyingine bila cheti, nikaendelea hivyo kwa muda mrefu. Methotrekseti niliifungia kabatini. Kliniki nilipoulizwa, nilijibu kwamba naimeza.

Nafuu ya namna hiyo iliwahi kuwashangaza hata mabingwa. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench alimpa kotisoni, dawa ya ukoo mmoja na prednisoloni, mwanamke aliyekuwa hajiwezi kwa ugonjwa huu. Baada ya siku chache mama yule alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Lakini wagonjwa walivyozidi kuitumia, madhara yalijitokeza, na ikabainika kwamba dawa za ukoo huo si za kutegemewa peke yake kwa miaka. Mimi nilikuja kulijifunza kwa mwili wangu jambo lililojulikana tangu zamani.

Uso wangu ulivimba ukawa duara. Majirani wakanisifu kwamba nimenenepa, nami nikaamini ni afya. Sukari ilipanda, na shinikizo la damu pia. Kwa kuwa nilidai nameza methotrekseti, daktari alidhani kipimo hakitoshi, akakiongeza. Alikuwa anatibu mgonjwa niliyemtunga mimi. Picha za eksirei zilionyesha mifupa ya vidole imeanza kulika, katika miezi ileile niliyojiona nimepona.

Kisha nikasafiri kwenda msibani, vidonge vya prednisoloni vikaniishia. Nilitapika, nikaishiwa nguvu hadi nikashindwa kusimama. Prednisoloni ikitumika muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni ya asili ya mwili, na ukiikatiza ghafla mwili hubaki mikono mitupu. Nikiwa kitandani ndipo nilipomwambia daktari ukweli wote, mume wangu akisikia. Yeye naye nilikuwa nimemdanganya.

Sasa methotrekseti naimeza kila Ijumaa, na foliki asidi siku inayofuata. Damu napimwa kwa tarehe nilizopangiwa, ili ini na chembe za damu ziangaliwe. Prednisoloni ilipunguzwa polepole hadi ikaisha. Asubuhi naloweka mikono katika maji ya uvuguvugu na kunyoosha vidole kabla ya kazi yoyote. Sufuria nainua kwa viganja viwili, mkoba naubeba begani, na ugali husongwa na mume wangu au mwanetu mkubwa. Siku mbaya bado zipo, ila zimepungua.

Ewe unayeugua kama mimi, maumivu kupoa hakumaanishi ugonjwa umesimama. Dawa ikikutia kichefuchefu, mwambie daktari: kipimo kinaweza kubadilishwa, zipo sindano, zipo na dawa nyingine. Methotrekseti usiimeze kila siku, maana kosa hilo linaweza kuua. Ukitaka kupata mtoto, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa dawa hii hudhuru mtoto tumboni. Na kama umezoea kununua prednisoloni dukani, usiitupe leo kwa kusoma haya. Nenda hospitali, useme umekuwa ukimeza nini na kwa muda gani, bila kuficha hata kidonge kimoja. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.