Insha ya Balad



Mtu wa Unguja, Mombasa au Lamu anapoingia Balad, mji wa kale wa Jeddah, hujiona kama aliyewahi kupita mahali hapo. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotolewa Bahari ya Sham. Vichochoro ni vyembamba, na juu ya kichwa cha mpita njia zimetokeza roshani za mbao zilizonakishiwa, ambazo wenyeji huziita rawashini. Neno ni lile lile letu. Tofauti iko ndani ya kuta. Kwetu boriti za mikoko hubeba dari, ama mafundi wa Jeddah walilaza mbao ndani ya ukuta wenyewe, safu baada ya safu, kwani matumbawe yao ni laini na uzito wa ghorofa nne au tano ungeyapasua.

Sayyidna Uthman bin Affan, Allah amridhie, ndiye aliyeifanya Jeddah bandari ya Makka katika mwaka 26 wa Hijria, yaani 647. Ukuta uliozunguka mji ulibomolewa mwaka 1947, na mwaka 2014 Balad iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, miaka 14 baada ya Mji Mkongwe wetu wa Zanzibar.

Nimeyakumbuka haya kwa ajili ya kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Jeddah. Aliagizwa aandike insha ya maneno elfu moja juu ya Balad, kwa Kiingereza. Insha ya kwanza ilirudishwa bila alama, na chini yake mhadhiri ameandika mstari mmoja tu: aende kituo cha uandishi cha chuo. Jambo hili halikuwa dogo nyumbani mwao. Somo hilo kijana alikwisha kulishindwa muhula uliotangulia. Akishindwa tena angeondolewa punguzo la ada, na baba yake, ambaye ni fundi wa viyoyozi, hawezi kulipa ada kamili.

Baba alikuwa na dawa yake. “Mwalimu,” aliniambia, “kuna duka karibu na hapa, riyali mia mbili tu, kesho insha iko tayari.” Alikusudia maduka ya khidmat talib, yale yanayopiga fotokopi na kuuza madaftari, na baadhi yao huwaandikia wanafunzi tafiti kwa siri. Ndugu zetu wa Riyadh wanayajua pia. Siwezi kumlaumu mzee huyu. Tangu alipofika Saudia, kila karatasi iliyompa haki yake imeandikwa na mkono wa mtu mwingine. Nje ya mahakama na ofisi za pasipoti walikuwa wakikaa waandishi wa maombi, kila mmoja na meza yake ndogo na mwavuli wake. Unamweleza shida yako kwa Kiarabu chako cha kuungaunga, naye anaitia katika maneno ambayo ofisa atayapokea. Watu wengi walipata haki zao kwa kalamu za waandishi hao.

Lakini mwandishi wa maombi huandika jambo ambalo wewe tayari unalijua. Insha ya chuo hupimwa kwa kile ulichokifikiri mwenyewe. Ukimlipa mtu akufikirie, umekosa elimu, na ukigunduliwa unaweza kufukuzwa. Siku hizi hata riyali mia mbili hazihitajiki, maana programu za akili mnemba hutoa kurasa tano kabla chai haijapoa. Hatari ni ile ile.

Vituo vya uandishi si jambo geni. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilikuwa na maabara ya uandishi tangu miaka ya 1930. Mwaka 1984 Mmarekani Stephen North aliandika makala iliyopata sifa kubwa katika fani hii, akishikilia kwamba kazi ya kituo ni kumjenga mwandishi, wala si kuitengeneza karatasi yake. Wazazi wengi hapo ndipo wanapokosea. Wanadhani mtoto ataacha insha mezani jioni na kuichukua asubuhi imesafishwa, mfano wa kanzu kwa dobi.

Kijana wetu naye alidhani hivyo. Alimkuta mwanafunzi aliyemtangulia miaka miwili, meza, viti viwili na nusu saa. Kalamu nyekundu haikuwapo. Aliambiwa aisome insha yake kwa sauti. Alipofika aya ya tatu pumzi ilimwishia, kwani sentensi moja ilikuwa na mistari kumi na moja iliyofungwa kwa “na” baada ya “na”. Hapa nitasema neno kama mwalimu wa lugha: huo si ujinga. Kiarabu kizuri huunganisha hivyo, na mtoto huyu amesomea Kiarabu. Vile vile alikuwa akimwita mama yake kwa kiwakilishi cha mwanamume, kwa sababu “yeye” wetu hambagui mke na mume. Msaidizi alimwonyesha kosa moja la kila aina, akamwachia mengine ayatafute mwenyewe.

Kisha akamwuliza juu ya ngamia. Kijana alikuwa ameandika kwamba katika Bayt Nassif, jumba mashuhuri lililojengwa kati ya 1872 na 1881, ngamia walipanda ngazi na mizigo hadi jikoni ghorofa ya juu. “Nani amesema?” Hakuwa na jibu. “Basi nenda ukaangalie.”

Tukaenda Jumamosi baada ya Alasiri, yeye, baba yake na mimi. Tuliingia kwa Bab Makka, tukafuata Suq al-Alawi, kwenye harufu ya ubani na karafuu, mpaka kwenye mti mbele ya jumba. Ni mwarobaini, ndugu zangu! Wazee wa Jeddah husimulia kwamba zamani huo ulikuwa mti pekee ndani ya mji, hata nyumba ikaitwa nyumba yenye mti. Hapa ndipo alipofikia Mfalme Abdulaziz alipoingia Jeddah mwaka 1925. Kijana hakuyajali sana hayo. Aliinama kwenye ngazi akapima vidato kwa shibiri, akaona ni vipana na vifupi. Akamwuliza mlinzi, mtu mzima, kuhusu ngamia. Mlinzi akacheka, akasema wazee wake walisimulia hivyo. Yeye hakuwahi kumwona ngamia hata mmoja humo.

Usiku ule kijana aliandika sentensi mbili mahali palipokuwa na moja: husimuliwa kwamba ngamia walipanda, na vidato, kwa upana wake, vinaifanya simulizi hiyo iwezekane. Alirudi kituoni mara mbili zaidi, akapata alama 71.

Wenye watoto vyuoni, waulizeni kama chuo chao kina kituo hicho. Aghalabu huduma yake ni bure. Mtoto aweke miadi mapema, kabla ya wiki za mitihani, na achukue karatasi ya swali alilopewa pamoja na insha, kwa sababu msaidizi asiyejua swali hana la kumsaidia.

Baba yake alitaka kujua kama kituo kitamwandikia barua kwa tajiri wake kuhusu malipo ya saa za ziada. Aliambiwa kituo ni cha wanafunzi. Nilipopita kwao kurudisha sahani, niliwakuta wawili wale mezani, karatasi tupu mbele yao, na kijana akiuliza: “Baba, saa hizo ni ngapi hasa, na za mwezi gani?”