Turiani: fahali hupimwa kwa mabinti zake

Msafiri atokaye Morogoro mjini kwenda Turiani huiacha milima ya Uluguru mgongoni, akashika barabara kuu ya Dodoma, akavuka mto Wami pale Dakawa, penye mashamba ya mpunga na penye kumbukumbu ya Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari katika eneo hilo tarehe 12 Aprili 1984. Mbele yake, Magole, njia hukata kulia kuelekea kaskazini. Kuanzia hapo zimebaki kilomita zipatazo 48, na mkono wa kushoto milima ya Nguru huinuka taratibu mpaka ikauziba upande wote wa magharibi. Kisha huja miwa ya Mtibwa, shamba baada ya shamba, na baada ya miwa ndipo ulipo mji mdogo wa Turiani, wanapokutana Wanguu na Wazigua, Waluguru na Wakaguru, na Wamasai washukao na mifugo yao kutoka mbugani.

Nchi hii ina maji, ina majani na ina masoko. Kitu kimoja hutakiona: farasi. Mbung'o, ambaye wengi humwita ndorobo, na usubi wa mabondeni, hueneza maradhi ambayo farasi hayawezi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili, mmoja wao akiwa zawadi ya Sayyid Barghash wa Zanzibar. Wote wawili walikufa njiani kabla msafara haujafika Simbamweni, mji uliokuwa jirani na Morogoro ya leo. Tangu enzi hizo hadi sasa, mnyama wa thamani katika nchi hii amebaki kuwa ng'ombe.

Hata hivyo, swali wanalojiuliza matajiri wa farasi wa mashindano huko Dubai na Uingereza ndilo wanalojiuliza wafugaji wa Turiani kila wapelekapo fedha zao mnadani: dume huyu ana thamani gani kwa uzao wake? Tofauti ni kwamba tajiri akikosea hupungukiwa na fahari, ilhali mfugaji akikosea watoto hukosa ada ya shule.

Mnadani nilisimama pembeni mwa zizi nikawatazama wanunuzi. Kila mmoja alikuwa na jicho lake. Huyu alitazama nundu, yule alitazama upana wa kifua, mwingine aliinama kuchungulia kwato na korodani. Dalili hizo zina maana yake. Dume mwenye kwato mbovu hawezi kupanda, na mwenye korodani ndogo au zisizolingana huenda asitungishe mimba. Fahali mmoja mwekundu, mwenye shingo nene na ngozi iliyong'aa, alikuwa amezungukwa na watu kama bwana harusi. Bei ilikuwa inapanda.

Mzee mmoja wa Kimasai alimsogelea muuzaji akamwuliza jambo moja tu: "Mama yake yuko wapi?" Muuzaji akasema hajui, kwa kuwa naye alimnunua mnada mwingine. Mzee akashukuru, akaondoka. Nilimfuata kumwuliza kwa nini hakumtazama hata fahali mwenyewe. Akanijibu kwa upole: "Mwanangu, fahali hana kiwele. Maziwa nitakayokamua ni ya mama yake na ya dada zake. Kama hao siwaoni, huyu ni nyama tu."

Maneno ya mzee yule yanabeba elimu ambayo ulimwengu wa farasi umeijenga kwa zaidi ya miaka 300. Farasi wote wa mbio wa nasaba ile inayotunzwa Uingereza hurejea, kwa upande wa baba, kwa madume watatu waliotoka nchi za Mashariki na Afrika ya Kaskazini. Mmoja wao alinunuliwa na mfanyabiashara Mwingereza, Thomas Darley, katika mji wa Halab, Syria, akasafirishwa kwenda Uingereza mwaka 1704. Hakupata jina kwa mbio zake mwenyewe. Jina lake limebaki kwa sababu ya watoto na wajukuu, na leo zaidi ya tisini katika kila mia ya madume wa nasaba hiyo hutokana naye. Mwaka 1791 Waingereza walichapa kitabu cha nasaba za farasi hao, na tangu hapo mnyama asiye na wazazi walioandikwa humo au katika vitabu vilivyokifuata hahesabiwi kuwa mmoja wao.

Pamoja na kitabu chote hicho, fedha bado hupotea kwa kufuata sura. Mwaka 2006 huko Florida, Marekani, farasi mchanga aitwaye The Green Monkey aliuzwa kwa dola milioni 16. Alikimbia mara tatu, hakushinda hata mara moja.

Mfano wa upande wa pili ni wa nyumba ya Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum wa Dubai. Farasi wake Dubai Millennium alishinda Kombe la Dunia la Dubai mwaka 2000, na katika mbio kumi alishindwa mara moja tu. Mwaka 2001, katika msimu wake wa kwanza wa kupandishwa, aliugua akafa, akaacha watoto wasiofika sitini. Miongoni mwao alikuwamo Dubawi, ambaye hakurithi kimo cha baba yake. Alipoanza kupandishwa mwaka 2006, ada yake ilikuwa pauni 25,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa pauni 350,000 kwa jike mmoja. Kati ya miaka hiyo dume hakurefuka wala hakupata mwendo mpya. Kilichobadilika ni kwamba watoto wake walishinda, na watu wakaona.

Kwa farasi, ushahidi huo huja mapema, kwa kuwa mtoto huanza kukimbia akiwa na umri wa miaka miwili. Kwa ng'ombe wa maziwa subira ni ndefu. Fahali huanza kazi akiwa na miaka miwili hivi. Mimba ni miezi tisa. Mtamba atakayezaliwa atafikisha karibu miaka mitatu, na katika ufugaji wetu pengine zaidi, kabla ya kuzaa na kukamwa. Jumlisha utaona kwamba baba yake amekaribia miaka sita kabla ya tone la kwanza la ushahidi kuingia katika kibuyu. Wakati huo fahali mwenyewe mara nyingi ameshachinjwa. Twamla yule ambaye ndiyo kwanza habari zake njema zinatufikia, na twamtunza yule ambaye hatujui lolote juu yake isipokuwa kwamba anapendeza.

Tena hasara ya dume hailingani na ya jike. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya urithi wake, lakini jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na fahali wa kijiji huacha makumi. Jike mbovu huitia hasara nyumba moja, fahali mbovu hukitia kijiji.

Chini ya milima ya Nguru nilipokewa katika nyumba moja ya wafugaji wadogo, wenye ng'ombe chotara wawili wafungwao bandani. Kaya sita za jirani, wakiwamo wao, waliwahi kuchanga fedha wakamnunua dume mkubwa wa damu ya kigeni. Wanaume walikwenda, wakamchagua, wakarudi naye kwa shangwe. Nilimwuliza mama wa nyumba mambo yalikwendaje. Alisita, akamtazama mumewe, naye akamwashiria aseme. Ndipo akawahesabu mabinti wa fahali yule mmoja mmoja, kwa majina yao, na nyumba walizomo. Wawili walikufa kwa ndigana kali kabla ya kuzaa. Mmoja ana chuchu fupi zisizoshikika, kumkamua ni adhabu. Mwingine hutoa maziwa mengi mvua ikinyesha, na kiangazi hukauka mapema kuliko mama yake. Mmoja tu ndiye aliyemzidi mama yake mwaka mzima.

"Mlipokuwa mnataka kununua dume wa pili, mama, walikuuliza haya?" nikasema.

"Nani aniulize, baba? Kazi yangu ni kukamua."

Mumewe alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Naye ni mtu mwungwana. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kufikiri kuwa habari za fahali zimekaa jikoni kwake.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo Turiani ilinifunza. Waingereza waliandika kitabu. Huku kwetu kitabu kipo, nacho kimo vichwani mwa wanawake wanaokamua alfajiri na jioni, katika nyumba za wakulima na katika maboma ya Kimasai, ambako maziwa ni amana ya mama. Wao ndio wajuao binti wa nani ana kiwele kizuri, wa nani ni mpole, wa nani huhimili kupe, wa nani hushika mimba upesi. Lakini mnadani hawapo, na mkutano wa kuchagua dume huitishwa saa ambazo wao wako kazini.

Mahali nako ni hakimu. Damu ya Ulaya huleta maziwa mengi palipo na baridi, majani ya kutosha, josho na dawa. Ng'ombe wetu wa asili, mdogo mwenye nundu, hutoa kidogo, lakini huvumilia joto, kiu na maradhi ya bonde. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Mpwapwa walitumia miaka mingi kuchanganya damu za Kihindi, za Afrika na kidogo ya Ulaya ili wampate ng'ombe wa maziwa na nyama afaaye nchi kavu, na ng'ombe huyo huitwa Mpwapwa hadi leo. Kazi ile hutufunza kuuliza si tu kama dume ni bora, bali ni bora kwa wapi. Siku hizi kuna pia uhimilishaji: mbegu za madume waliopimwa hugandishwa kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kituo cha taifa kiko Usa River, Arusha. Mfugaji wa Turiani aweza kupata mbegu za fahali asiyeweza kumnunua maishani, ilimradi mhimilishaji afike jike akiwa bado yuko katika joto, na barabara za vijiji wakati wa masika haziahidi jambo hilo.

Kwa wenye kushirikiana dume mmoja, kuna tahadhari nyingine. Akikaa mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu, mabinti zake huwa wamefikia umri wa kupandwa, naye hawatambui. Ndama wa baba na binti mara nyingi hudhoofika. Dawa yake ni nyepesi: vijiji viwili vibadilishane madume kabla ya wakati huo.

Limebaki suala ambalo wasomaji wa Kiislamu hawawezi kulipita. Je, yafaa kumtoza jirani fedha kwa kupandishiwa ng'ombe wake? Imepokewa na al-Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza malipo ya upandishaji wa dume. Jamhuri ya wanazuoni, wakiwamo wa madhehebu ya Shafi, wameyazuia mauzo hayo na ukodishaji wake, kwa kuwa kinacholipiwa hakijulikani kiasi wala hakina uhakika wa kupatikana. Wafuasi wa Imam Malik wameruhusu kumkodi dume kwa muda au idadi maalumu. Na katika riwaya ya Anas (r.a.) aliyoipokea Tirmidhi, watu walieleza kwamba hupewa zawadi kwa hisani hiyo, nao wakaruhusiwa zawadi. Anayetaka kuingia biashara hii na amwulize shekhe wake kwanza, ikiwamo juu ya uhimilishaji, ambako kuna gharama za usafiri, vifaa na kazi ya mtaalamu.

Niliwakuta Turiani wazee wanaoazima madume yao bila ya kutaja bei. Jirani huleta pumba, au chumvi, au mkungu wa ndizi, au huja siku ya palizi. Ndama akizaliwa salama, habari hupelekwa kwa mwenye dume kama habari ya mjukuu. Desturi hii ina faida ambayo mwenye kutoza kwa kila jike huikosa, kwani mwenye dume huendelea kujua mabinti wako wapi na wanaendeleaje. Hisani imemwekea kumbukumbu.

Basi wewe unayekusudia kununua fahali, au kuchangia wa kijiji, usitoe fedha kabla ya kuuliza mama yake alikamwa kiasi gani wakati wa kiangazi, mabinti zake wangapi wako hai na wako wapi, na nani aliwakamua. La mwisho likijibiwa, nenda nyumbani kwake ukamsikilize. Nawe mwenye nyumba, nunua daftari la shule, mpe mkeo au bintiyo anayesoma, aandike kila ndama kwa jina la mama yake na la baba yake, tarehe aliyozaliwa, na lita anazotoa akikua. Miaka sita si mingi kwa anayeandika. Kwa asiyeandika, kila fahali ni wa kwanza.