Tumekata dirisha kwenye kompyuta yetu



Tangu tuweke ile picha ya kompyuta yetu yenye dirisha la kioo ubavuni, maswali yamekuwa mengi. Wengine mmeuliza kama tumeanza kucheza gemu. Mwenzetu mmoja wa Bujumbura akaandika, "Rumonge mumetajirika, eh?" Hapana. Hatujatajirika, na gemu hii mashini yetu haiwezi. Dirisha tulilikata kwa sababu ya aibu. Tulikaa wote tukakubaliana habari hii tuiandike vile ilivyotokea, na yeye tuliyemkosea ameisoma kwanza kabla hatujaiweka hapa.

Kwa wasiotujua: sisi ni vijana kama ishirini. Wengi tulivuka ziwa kutoka upande wa Fizi na Uvira. Kuna waliofika wakiwa bado watoto, mwezi wa kwanza 2018, wakati mitumbwi ilikuwa inafika hapa imejaa watu na magodoro. Wengine kati yetu ni Warundi waliorudi kutoka Tanzania. Wapo waliozaliwa Nyarugusu na hawakuwahi kuiona Burundi mpaka siku ile basi lilipowateremsha. Lugha yetu ni Kiswahili, lakini ni Kiswahili cha aina tatu, kila mmoja anamcheka mwenzake. Huyu anasema kompyuta, yule anasema ordinatere, na mama mwenye chumba anasema "ile tivi yenu".

Chumba chenyewe kiko nyuma ya nyumba ya huyo mama, naye anauza mawese. Mnaoijua Rumonge mnaelewa: ni mji wa mawese na ndagala. Jiko la kuni liko hatua chache kutoka mlango wetu. Moshi unaingia, mvuke wa mafuta unaingia, vumbi la barabara nalo linaingia, na vyote vitatu vinakutana ndani ya kompyuta.

Mashini hiyo ilitufikia ikiwa imeshatumika ofisini miaka mingi. Boksi jeusi la chuma, zito, lenye kumbukumbu ya giga 4, yaani vipande viwili vya RAM, kila kimoja giga 2. Kwa wengine hicho ni kitu kidogo. Kwetu ndiyo ofisi. Hapo tunaandika barua, tunajaza fomu, tunajifunza kuchapa, tunahifadhi picha za vyeti vyetu. Kuna mwenzetu ambaye diploma yake ya karatasi ilibaki ng'ambo; iliyopo ni ile picha tu, imo humo.

Sasa siku moja ikawa nzito. Kufungua ukurasa, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi. Mmoja wetu akaangalia kwenye mipangilio, akakuta kumbukumbu ni giga 2. Giga 2 nyingine hazipo.

Neno "mwizi" halikusemwa siku ya kwanza. Siku ya kwanza mtu aliuliza tu, "Nani alifungua mara ya mwisho?" Jibu tulikuwa nalo wote. Mwenye bisibisi alikuwa mmoja, na siku chache nyuma alikuwa ameifungua kupuliza vumbi. Siku ya pili tukakumbuka kwamba ana simu mpya. Siku ya tatu tukakumbuka kabila lake, jambo ambalo siku zote tulikuwa tunasema kwetu halipo. Na mnajua kila mmoja wetu alikimbia nini. Tulikimbia watu waliohesabiana hivyohivyo, halafu tukaja kuhesabiana sisi wenyewe, kwa ajili ya kipande cha bodi chenye urefu wa kiganja.

Siku ya nne neno likasemwa, mbele yake. Hakubishana sana. Aliweka bisibisi juu ya meza, akaondoka. Dada yake naye hakuja tena.

Wiki mbili zikapita. Utashangaa: katika wiki hizo mbili hakuna aliyefungua boksi kuangalia. Kila mmoja aliogopa, kwa sababu atakayefungua ndiye atakuwa mwizi wa pili. Kwa hiyo tulikuwa na hakika kabisa juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Aliyelivunja jambo hilo ni dada mmoja kati yetu aliyekuwa anaandika maombi ya masomo. Mashini ikaganda, akapoteza kurasa mbili. Akasimama, akasema, "Mimi nafungua. Mtaniita mnavyotaka." Akatuita wote tusimame karibu, mchana, mlango wazi. Akachomoa waya wa umeme, akafungua skrubu mbili za nyuma, akavuta ubavu.

Vipande viwili vya RAM vilikuwepo. Vyote.

Kimoja kilikuwa kimeinama kidogo tu. Kishikizo cha upande mmoja hakikufunga, na yale meno ya rangi ya dhahabu yalikuwa na utando mweusi wa mafuta na vumbi. Labda hakikurudi sawasawa siku ile ya kusafisha, labda kilicheza tulipoihamisha meza. Dada akakitoa, akasugua meno yake polepole kwa kifutio cha shule, akakipangusa, akakirudisha na kukisukuma mpaka vishikizo vyote viwili vikalia ka, ka. Akawasha. Giga 4.

Hakuna aliyepiga makofi.

Jioni tulikwenda kwao, pamoja na wazee wawili, na kilo moja ya sukari. Mama yake alitupa mahali pa kukaa, halafu akatuacha tukae kimya muda mrefu. Nadhani alifanya makusudi, na alikuwa na haki. Tulisema yote, hata lile la kabila, kwa sababu mzee mmoja alitwambia tukilificha tutakuwa hatujaomba radhi. Yeye alisikiliza, mwisho akasema: "Muliniita mwizi juu hamukuona ndani. Lile boksi lingekuwa na dirisha, hata mtoto angeona RAM iko pale."

Alisema kwa uchungu. Ila wakati wa kurudi, njiani, mmoja wetu akasema: "Lakini inawezekana, sivyo?"

Ndivyo kazi ilivyoanza. Na yeye alikubali kurudi kwa sharti moja: hatashika tena bisibisi akiwa peke yake.

Kosa la kwanza tulilifanya kwenye kioo. Tulipata bure kioo cha mlango wa gari kuukuu, tukafurahi. Tukakichora kwa kikatio, tukakigonga kidogo, kikapasuka chote mara moja, chembechembe kama mahindi. Fundi wa vioo alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kioo cha mlango wa gari kimekazwa kwa moto kiwandani ili kikivunjika kisimkate mtu, na kikishakazwa hivyo hakikatwi tena. Tukanunua kwake kioo cha kawaida cha dirisha, milimita 3, akakikata mwenyewe sentimita 29 kwa 24. Bei ilikuwa kama ya lita mbili za mawese, na mama mwenye chumba alichangia lita moja.

Kioo cha kawaida kina hatari yake: kikivunjika kinatoa visu. Kwa hiyo kingo zote tulizisugua kwa jiwe la kunolea na msasa, kwa maji, mpaka kidole kinapita bila kuogopa. Ukisugua kikavu, vumbi lake unalivuta kifuani. Kipande hicho kina uzito wa kama nusu kilo, kwa hiyo ubavu wa bati unakibeba bila shida.

Halafu bati. Ubavu unaokatwa ni wa kushoto, ukiitazama kompyuta kwa mbele, kwa sababu ndio unaotazama bodi kubwa. Tulipima kwanza urefu wa feni ya ndani, maana kioo tulikibandika kwa ndani, na kikigusana na feni umeharibu yote mawili. Dada yule yule akabandika tepu ya karatasi, akachora sentimita 25 kwa 20. Hivyo kioo kinakilalia chuma sentimita 2 kila upande.

Kukata hatukukatia chumbani. Ubavu tuliubeba nje, mbali na mashini, kwa sababu chembe moja ya chuma ikianguka kwenye bodi, siku ya kuwasha inaunganisha njia mbili za umeme zisizotakiwa kukutana, na kompyuta imekufa. Mchomeleaji jirani alitutobolea matundu madogo yaliyopangana kwenye kila kona siku umeme ulipokuwepo. Yaliyobaki tulikata kwa wembe wa msumeno wa chuma tuliouzungushia kitambaa upande wa kushika, kwa zamu. Mchana wa siku mbili. Mama akapita akatutazama: "Mashini nzima ninyi munaikata! Munakosa kazi?" Tulimwambia ndiyo, tunakosa.

Kisha tupa, kisha msasa, kisha rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo zote, maana hewa ya ziwa haisamehe chuma kilicho uchi. Mpira wa ndani wa baiskeli tuliupasua kwa urefu, tukauvalisha kwenye ukingo. Kioo tukakibandika kwa silikoni. Ile ya kawaida inanuka kama siki, na huo mvuke wake si mzuri kwa shaba, kwa hiyo tuliuacha ubavu ukauke kabisa mpaka kesho yake kabla ya kuurudisha.

Silikoni imejaa mahali pamoja na imepungua pengine. Mstari wa juu umepinda. Ukiangalia picha vizuri utaona. Hatukuurekebisha.

Tunaona nini sasa? Tunaona RAM mbili, zimesimama. Chini ya kioo tumebandika karatasi yenye orodha: vipande vya RAM viwili, diski moja, feni mbili, tarehe, na majina ya waliohesabu. Tunaona vumbi linapoanza, hatusubiri mpaka mashini ilie. Mwezi uliopita mdogo wa mmoja wetu, mtoto wa darasa la tatu, alipiga kelele, "Feni imelala!" Kweli, ile ya juu ya prosesa ilikuwa imesimama, mafuta na vumbi vimeishika. Tulizima, tukaisafisha, ikazunguka. Bila dirisha tungejua siku ya harufu ya kuungua. Na tunapofundisha wageni, hatuanzi tena na maneno. Tunawaambia wachuchumae waangalie.

Tunajua huko mbali watu wanaweka dirisha kwa ajili ya urembo na taa za rangi. Mwaka 1998 kampuni ya Apple ilitoa iMac yenye ganda la kupitisha mwanga, na duniani kote watu wakaipenda kwa sura. Si vibaya. Hata sisi tumeipaka kingo za dirisha rangi ya bluu.

Lakini tusidanganyane: kioo hakizuii wizi. Anayetaka kuiba ana skrubu mbili tu za kufungua. Na kioo hakikutuondolea lile tulilolisema siku ya tatu. Lile tunalifanyia kazi kwa namna nyingine, polepole, na linarudi. Kioo kimetufundisha jambo moja tu: kabla ya kumtaja mtu, nenda kaangalie, tena muangalie pamoja.

Na ninyi kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, tuna ombi dogo. Mnapotuletea mashini, hata iliyochakaa, kaeni nasi nusu saa. Ifungueni mbele yetu, tuhesabu pamoja, mtuachie orodha na bisibisi. Vilevile kwenye mambo yetu mengine. Mafaili yetu yamefungwa ndani ya maboksi ambayo hatujawahi kuyaona ndani, miaka inapita, na mtu akikosa jina lake kwenye orodha anaanza kumshuku jirani yake aliyepata. Si kila kitu mnaweza kutuonyesha, tunaelewa. Kile mnachoweza, kionyesheni mapema. Kitatuepusha na siku ya tatu.

Yeye amerudi. Mwanzoni alikuwa anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na hatukumwambia asogee. Siku hizi anakaa upande wa dirisha la kompyuta, dada yake anajifunza kuchapa, na bisibisi ziko mbili.

Mwenye swali juu ya kukata bati atuandikie, tutamsaidia. Juu ya kuomba radhi hatuna ufundi mkubwa. Tunachosema ni hiki tu: msichelewe wiki mbili kama sisi.