Kusaga Mwenyewe au Kununua Unga wa Pakiti?

Leo nawapa kisa changu mwenyewe, kisa kilichonigharimu mteja.

Mwaka 2022 nilikuwa na laptopu kuukuu yenye memori ya GB 4. Debian ilikuwa inakwenda vizuri tu, lakini moyo wangu ulitaka Gentoo. Kwa wasiozijua, tofauti yake ni kama ya unga. Debian inakupa wa pakiti: wenyewe wameshasaga, wewe unapakua na kutumia. Gentoo inakupa mahindi, yaani msimbo wa programu kama ulivyoandikwa, na kompyuta yako ndiyo kinu. Uzuri wake ni kuchagua. Kama huna printa, unaacha nje mambo ya printa. Tena programu inajengwa kwa kufuata prosesa yako hasa, ilhali kifurushi cha Debian hujengwa kiweze kukubali mashine nyingi.

Basi, Ijumaa jioni nikahifadhi kazi zangu kwenye flashi, nikafuta kila kitu. Jumatatu saa tatu asubuhi nilitakiwa kumwonyesha mteja tovuti yake. Nikajiambia muda upo.

Jumamosi jioni mfumo ukawaka, nikaagiza Firefox. Kumbe kuijenga Firefox kunahitaji Rust, na kuijenga Rust ni mlima mwingine! Hata Gentoo ilikuwa na Firefox iliyojengwa tayari, lakini niliikataa kwa kiburi tu.

Feni ikanguruma usiku kucha. Saa tisa usiku tokeni za stima zikaisha, na betri yangu ilikuwa imekufa zamani. Gentoo hukumbuka foleni ya programu zilizobaki, lakini ile iliyokatizwa katikati huanza upya.

Nilikuwa naishi kwa mama. Aliamka akakuta giza.

"Mwanangu, tokeni hizo zilikuwa za wiki nzima. Hiyo mashine yako inapika nini?"

Sikuwa na jibu.

Jumapili jioni nikasalimu amri, nikarudisha Debian. Haikumaliza hata saa moja. Jumatatu nilimwonyesha mteja kurasa ambazo hazijakamilika. Alinilipa nusu, na hakunipigia simu tena.

Je, nilipoteza bure? Sivyo kabisa. Siku hizi programu ikigoma najua pa kuanzia: ni maktaba gani inakosekana, na ni nani anamtegemea nani. Hayo nilifunzwa na Gentoo. Ila ile kasi niliyoifuata, kusema kweli, sikuiona kwa macho.

Tangu Desemba 2023 Gentoo yenyewe hutoa vifurushi vilivyojengwa tayari kwa anayevitaka, kwa hiyo waweza kuchanganya. Ushauri wangu ni mfupi: mashine ya kazi itumie vifurushi. Ukitaka kusaga, saga kwenye mashine ambayo hakuna mteja anayeingojea, na tokeni ununue mwenyewe. Za mama nilizirudisha mwezi uliofuata.